Kwenda Ulaya kwa Baiskeli

Nyumbani kwetu kulikuwa na hadithi iliyorudiwa kila sikukuu: babu mzaa baba alikwenda Ulaya kwa baiskeli, akarudi na mke. Nikiwa darasa la tatu nilisimama nikaisimulia mbele ya wenzangu wote. Nilichekwa mpaka kengele ya mapumziko ikagongwa. Mwalimu alichukua rula, akaipitisha juu ya bahari kwenye ramani ya dunia, akaniuliza kama baiskeli ya babu yangu ilikuwa inaelea.

Ilichukua miaka kujua kwamba Ulaya ya babu haimo kwenye ramani ile. Iko wilayani Kilosa, ukitoka mjini kwenda kusini, kwenye njia ya kutokea Mikumi. Ni kata kama kata nyingine, ina kijiji kinachoitwa Ulaya Mbuyuni, na watu wake wamezoea utani wa wageni. Ukimwambia kondakta "nishushe Ulaya" hacheki hata kidogo. Anakuuliza tu una mzigo?

Babu alitoka Ubena. Alikuja Kimamba katika miaka ya 1950 akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge, mwenye namba badala ya jina na kipande cha kujazwa siku 30 ndipo alipwe. Picha yake moja tu imebaki. Amesimama studio, kaptura imepigwa pasi, mkono mmoja uko kwenye usukani wa Raleigh ya dume, na kwenye madigadi ya nyuma kuna kibati cha leseni. Enzi zile baiskeli ililipiwa ushuru. Mtu alilipa kodi ya kichwa, kisha akalipia magurudumu yake mawili. Pesa ya baiskeli ile, bibi anasema, ilitoka kwenye vipande vya karibu miaka miwili.

Nimeanza na babu kwa sababu mwaka juzi rafiki yangu aliyeko Italia alinitumia video. Vijana wamevaa kofia ngumu na miwani, wanateremka kwa baiskeli kwenye njia iliyochongwa ubavuni mwa jabali, na chini yao kuna ziwa la buluu isiyoaminika. Ni njia ya Ponale, juu ya Ziwa Garda. Akaandika: "Huko kwetu mbona hakuna kitu kama hiki?" Swali lilinikera, nikalala nalo. Niliposoma habari za Ponale nikaona kwamba hata kule njia haikuchongwa kwa ajili ya starehe ya mtu. Ilikatwa kwenye mwamba katikati ya karne ya 19 ili mikokoteni ya Bonde la Ledro iteremke hadi ziwani, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia wanajeshi wa Austria wakautoboa mlima kuweka mizinga. Mapumziko yalikuja mwisho, baada ya mzigo na bunduki.

Sasa chukua kipimo hicho uje nacho Kilosa. Tuna bonde, tuna milima ya Rubeho upande mmoja na Ukaguru upande wa pili, tuna mto, na huko juu, karibu na Kidete, tuna ziwa. Linaitwa Gombo. Mzigo na bunduki vimepita hapa pia, na vimeandikwa vitabuni. Basi Julai iliyofuata nikaazima baiskeli ya gia, nikampata mwenzangu mmoja, mpiga picha, tukapanda basi hadi Kilosa.

Bonde lenyewe ni la Mto Mkondoa. Watu wa misafara waliusema Mukondokwa, au labda masikio ya Wazungu ndiyo yaliyosikia hivyo. Burton na Speke walipita mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika, wakaupanda Rubeho ambao Burton aliulalamikia mno. Rubeho maana yake upepo, na ukifika juu jioni bila sweta utaelewa kwa nini. Nao wapagazi waliobeba vitanda, vyombo vya kupimia na chupa za brandi za mabwana hawa walikuwa wameshaipita njia hiyo mara nyingi kabla ya yeyote kuja "kuigundua". Njia ya Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji ilikuwa barabara kuu. Pembe ziliteremka, nguo na shanga zilipanda, na watumwa waliteremshwa kwa minyororo.

Kuna mtu mmoja ambaye kila nikisoma habari za njia hii namkuta: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru baada ya bwana wake kufa. Aliipanda milima hii ya Usagara na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant mwaka 1860, na Stanley mwaka 1871, na Cameron mwaka 1873. Sijui kama kuna mtu mwingine wa karne ile, mwenye jina lililoandikwa, aliyepita hapa na safari kubwa nyingi kiasi hicho. Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London kilimpa pensheni uzeeni. Lakini kitabu chake hakipo. Tunaye ndani ya vitabu vya waliomwajiri tu, mara anasifiwa, mara anatukanwa, na kwa Stanley anachapwa.

Stanley alikuwa mwandishi wa habari kama mimi, ametumwa na gazeti la New York Herald, kwa hiyo namsoma kwa jicho la mtu wa kazi moja. Nakiri anajua kuandika. Aprili ile ya 1871 masika yalimkuta kwenye mbuga ya Makata, akatumbukia kwenye tope na maji ya kiunoni, punda wakafa, naye akaumwa tumbo la kuhara damu. Makata hiyo ndiyo Mkata ya leo, na sehemu yake iko ndani ya Hifadhi ya Mikumi, pale ambapo watalii wanapiga picha nyati na twiga. Nimewahi kukaa pale kwenye gari lenye paa wazi, na soda baridi mkononi, huku nikisoma kurasa zake kwenye simu. Niliona aibu kidogo.

Mei akafika kwenye ziwa. Yeye analiita Ugombo. Msomaji anategemea maelezo ya maji na viboko, na kweli yapo, ila kilichotokea pale kambini ni kisa cha polisi. Stanley alikuwa na Wazungu wawili waliokuwa mabaharia, Shaw na Farquhar. Asubuhi waligombana juu ya chakula, Shaw akamtolea maneno, Stanley akampiga akaanguka. Baadaye wakapatana. Usiku, mlio wa bunduki, risasi ikapenya hema la Stanley jirani kabisa na alipolala. Akatoka na bastola, akamkuta Shaw anajifanya amelala, na bunduki ubavuni bado ina joto. Shaw akajitetea kwamba alidhani ameona mwizi. Farquhar aliachwa Mpwapwa akiwa mgonjwa, akafa huko. Shaw hakufika mbali zaidi ya Unyanyembe. Mimi nilitaka kulala usiku mmoja mahali palipotokea jambo hilo, hiyo ndiyo ilikuwa sababu halisi ya safari. Baiskeli ilikuwa kisingizio.

Kutoka Kilosa hadi Kidete ni kama kilometa 40 na ushee kwa kufuata reli. Ukitazama kwenye simu unajisemea ni asubuhi moja tu. Si kweli. Bonde linabana, mto unajikunja, reli inajikunja nao, na njia ya baiskeli ni kile kinachobaki kando yake: mara kijia cha ng'ombe, mara kokoto, mara barabara ya vumbi iliyochongwa wakati wa ujenzi wa SGR, mara hakuna kitu, unabeba baiskeli begani unavuka korongo. Gia 21 za baiskeli yangu zilinisaidia kwa theluthi moja ya safari. Theluthi mbili nilisukuma.

Na huku nasukuma, wananipita. Kijana mwenye Phoenix isiyo na gia hata moja, breki ya mbele imekatika, kwenye keria amefunga magunia mawili ya mkaa kwa mipira ya tyubu, naye anateremka akiwa ametanguliza kandambili kwenye tairi la nyuma kama breki. Anatusalimia, "Poleni na kazi!" Kazi gani? Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini.

Hapo nikakumbuka kitu ambacho wapenzi wa mchezo huu hawapendi kukitaja sana. Baiskeli ya milimani haikuzaliwa maabara. Miaka ya 1970 vijana wa California, kwenye Mlima Tamalpais, walichukua baiskeli za zamani, nzito, za gia moja, wakawa wanashindana kuteremka nazo njia ya vumbi. Shindano lao maarufu, lililoanza mwaka 1976, liliitwa Repack, kwa kuwa grisi ya breki ya kwenye ekseli ilikuwa inaungua ikaisha, na kila baada ya kuteremka ilibidi kuijaza upya. Kwa maneno mengine, walianza na kitu kinachofanana sana na Phoenix ya yule kijana, au Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam, au Raleigh ya babu. Tofauti ni mzigo. Mwenye mzigo hatengi siku ya mashindano.

Tulipofika Munisagara nilisimama muda mrefu mbele ya jina la stesheni, mwenzangu akadhani nimeugua. Munisagara ni Mwinyi Sagara, jina ambalo limebaki kwenye reli baada ya mwenyewe kusahaulika. Desemba 1884 Carl Peters, kijana wa miaka 28, alipita Usagara na wenzake wachache, akiwa na karatasi za Kijerumani, zawadi na pombe, akiwatafuta wakuu wa kuweka alama. Mmoja wa waliotajwa kwenye mikataba ile ni huyo Mwinyi Sagara. Kwenye karatasi, nchi, milima, mito na haki zote vilikuwa vimetolewa milele kwa chama cha Peters. Februari 27, 1885, Serikali ya Kaisari ikatoa hati ya ulinzi juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Ukoloni wa Wajerumani katika Tanganyika ulianza hivyo, kutoka mabonde haya, wala si pwani. Mwaka huohuo wa 1885 ndipo Bombay alipofariki.

Swali ninalojiuliza ni nani alimsomea Mwinyi Sagara karatasi ile, na kwa lugha gani, na aliambiwa nini. Huwezi kuuza mto. Mwulize Msagara yeyote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa ikalifuata bonde, ikafika Kigoma mwaka 1914. Pamba ikaja, kampuni ya Otto, wenye viwanda vya nguo huko Ujerumani ya kusini, ikalima Kilosa shamba kubwa, halafu mkonge. Agosti 22, 1916 majeshi ya Afrika Kusini chini ya van Deventer yaliingia Kilosa yakishuka na reli kutoka Dodoma. Kwa upagazi, reli ilikuwa kifo cha kazi na kitulizo cha mgongo kwa pamoja. Lakini reli haikuzaa matawi ya kwenda kila kijiji. Kutoka stesheni hadi nyumbani ilibaki miguu, kisha baiskeli. Ndiyo maana naamini historia ya usafiri wa bonde hili haiwezi kuandikwa kwa treni peke yake, ingawa wanahistoria wameiandika hivyo.

Na mto nao haukuwahi kusaini chochote. Maji ya Mkondoa yanaanzia mbali, Kinyasungwe, upande wa Dodoma, kwenye nchi kavu ambayo hakuna anayeihusisha na mafuriko. Mvua ikinyesha Ugogo, Kilosa wanahama. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulivunja kingo, ukaingia mjini, maelfu wakakosa makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa vibaya kiasi kwamba treni ya kati ilisimama kwa miezi. Bwawa la Kidete, lililokuwa la kupunguza nguvu ya maji, lenyewe lilikuwa limebomoka. Ukiendesha baiskeli pale unaona vipande vya reli ya zamani vimechomoza kwenye mchanga kama mbavu za mnyama.

Tulifika Kidete jua limeshakufa. Tulipokewa na mzee mmoja aliyekuwa na genge la kutengeneza baiskeli chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmetoka na hizo Kilosa?"

"Ndiyo mzee."

"Mmefukuzwa?"

Tukamweleza habari za ziwa, na Stanley, na risasi. Alisikiliza kwa adabu huku anapaka solusheni kwenye kiraka. Kisha akasema habari ya mzungu huyo hakuwahi kuisikia, ila habari ya risasi anayo. Akatusimulia ya jirani yake, na ng'ombe walioingia shambani kwa mtu, na namna walivyolala porini siku nne. Kilosa ni wilaya ambayo Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Si jambo la kale. Nilikuwa nimebeba risasi moja ya mwaka 1871 ambayo haikumgusa mtu, nikiiona kama hazina, na hapo mbele yangu alikaa mtu mwenye risasi zake ambazo hazijaandikwa popote. Sikutoa daftari usiku ule. Nilihisi ningekuwa Stanley mwingine.

Ziwa tuliliona asubuhi. Nisikudanganye, si Garda. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, ukingoni ni matete na tope lililopasuka, na kundi la ng'ombe lilikuwa limeingia hadi tumboni likinywa. Ndege weupe walikuwa wengi. Milima ya nyuma ilikuwa na ukungu uliokatwa kama kwa kisu. Kwenye kijia cha ukingoni tuliendesha bila kusukuma kwa dakika kama 20, tairi likiimba, na kwa dakika hizo nilisahau historia yote, hata ya babu. Mwenzangu alipiga picha moja nikiwa nimeinua miguu yote miwili juu ya pedali kama mtoto. Niliituma Italia bila maneno.

Kurudi Kilosa tulipakia baiskeli kwenye lori. Siku ya tatu tukaanza upande wa pili, wa kusini, njia ya babu. Huku bonde linafunguka, Rubeho inabaki kulia, mashamba ya mpunga na mahindi kushoto, na vijiji vinafuatana. Baiskeli ni nyingi kuliko magari: mama na mtoto mgongoni na ndoo kwenye keria, wanafunzi watatu kwenye baiskeli moja, fundi na ubao, ndizi, jogoo. Ulaya tuliingia saa sita mchana. Nilinunua soda, nikamweleza muuzaji kwamba nimekuja Ulaya kwa baiskeli. Akasema, "Karibu. Viza unayo?"

Nilipotoka pale nilikuwa nimepanga kuandika juu ya babu: manamba aliyetoka Ubena, akajinunulia uhuru wa magurudumu mawili, akapanda milima kumfuata mwanamke. Hadithi nzuri. Kisha nikampigia simu bibi. Ana zaidi ya miaka 80, masikio yake ni mazima kuliko yangu.

"Bibi, niko Ulaya."

"Ipi?"

"Kwenu."

Akanyamaza. Akauliza kama mbuyu upo. Nikamwambia upo, ingawa sikuwa na hakika kama tunazungumzia uleule. Nikamwomba anisimulie siku babu alipomchukua kwenye keria hadi Kimamba.

"Nani alinichukua kwenye keria?" akasema. "Babu yako alikuwa hajui kuendesha na mtu nyuma. Alianguka mara mbili kabla hatujatoka kijijini. Njia yote nilitembea mimi, na milimani nikamsaidia kusukuma hilo libaiskeli lake, na godoro langu juu. Kimamba mjini ndipo akaniambia panda sasa, watu watuone."

Miaka yote ile hadithi ilikuwa na baiskeli na mwanaume na Ulaya. Aliyetembea hakuwemo. Nikamkumbuka Bombay, nikawakumbuka wapagazi wa Mkondoa ambao idadi yao inatajwa na majina hayatajwi. Tuna vitabu vya safari vya kwetu: *Safari za Wasuaheli* aliyochapisha Carl Velten mwaka 1901 ina simulizi za Waswahili wenyewe wakisafiri bara, na hata Urusi, na Tippu Tip aliacha maisha yake kwa maandishi. Hao wote lakini ni watu waliopanda au walioongoza. Sauti ya aliyesukuma bado naitafuta, na katika ukoo wangu iko kwenye simu, inakohoa, inaniambia vocha yangu itaisha.

Kutoka Ulaya hadi Mikumi tulifika jioni. Mji umekaa juu ya barabara kuu ya Iringa, na umepewa jina la mikumi, mivumo ile mirefu iliyoota mbugani. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ikapanuliwa mwaka 1975, na barabara kuu inaikata kwa kilometa 50. Babu alipokuwa akienda kwao likizo alipita upande huu kwa magurudumu yake, kabla ya hifadhi, na familia inasema aliwahi kulala juu ya mti na baiskeli ameifunga chini, kwa mnyororo, asije simba akaiba. Hiyo nayo itabidi nimuulize bibi.

Mwenzangu alitaka tuendeshe kupitia hifadhini hadi Doma. Nilitazama malori ya Zambia yakipita kwa fujo, nikatazama alama ya tembo kando ya barabara, nikakataa. Tulifunga baiskeli juu ya buti la basi. Kondakta akadai nauli ya mtu mmoja kwa kila baiskeli, tukapatana nusu.

SGR ilizinduliwa rasmi Agosti 1, 2024. Sasa unaweza kulipita bonde lile ukiwa ndani ya kiyoyozi, unaingia handakini, unatoka, unaingia tena. Munisagara haimo katika orodha ya vituo vyake. Nimeshapanda mara mbili, na mara zote mbili nilikaa dirishani upande wa mto. Kwa kasi ile huwezi kusoma jina lolote, ila mara ya pili, kati ya handaki na handaki, niliona mtu kwenye kijia, ameinama, anasukuma.